Kuku wakifa ghafla, mwangalie mtoto

Ndugu mfugaji wa Kilole, macho yako yako kwa ng'ombe na mbuzi. Kuku ni wa mama na watoto. Mtoto ndiye anayefungua banda asubuhi, anayeokota mayai, anayebeba vifaranga kifuani. Kuku akifa, anayetumwa kumtupa ni yeye. Ndiyo maana mafua makali ya ndege yanaweza kumfikia kabla yako.

Mwaka 2006 huko Djibouti, nchi yenye wafugaji kama sisi, mtu wa kwanza kuthibitishwa kuugua alikuwa mtoto wa kike wa miaka 2, wa kijijini. Mwaka huohuo nchini Uturuki, watoto watatu wa familia moja walifariki baada ya kushika kuku wagonjwa. Mwaka 2017 ugonjwa uliua ndege kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Ndege wa porini hawasimami mpakani.

Utasema, "Huo ni mdondo tu." Huenda ni kweli. Lakini mdondo nao huua banda zima kwa siku chache, na kwa macho hata mtaalamu hawezi kuwa na hakika. Kipimo cha maabara ndicho kinachoamua. Kwa hiyo chanja kuku wako dhidi ya mdondo, tone moja jichoni kila miezi mitatu. Kuku waliochanjwa wakianza kufa kwa wingi, vichwa vimevimba, upanga umegeuka bluu, usingoje kesho. Mwite afisa mifugo wa kata.

Wakati unamsubiri, waondoe watoto hapo. Usimchinje kuku mgonjwa ili kuokoa kitoweo, wala usimpeleke mnadani. Jambo hili ni gumu, tunajua, maana kuku huyo ndiye daftari na sare ya shule. Mizoga ifukiwe na mtu mzima, kwenye shimo refu, mikono ikiwa imefunikwa hata kwa mifuko ya plastiki, kisha anawe kwa sabuni. Mbwa wasiifikie.

Mwaka 2024 kirusi hiki kilikutwa Marekani katika maziwa ya ng'ombe. Chemsheni maziwa.

Mtoto aliyeshika kuku hao akipata homa, kikohozi au kupumua kwa shida, mara nyingi ndani ya siku mbili hadi tano, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Huku kwetu kila homa huitwa malaria, kwa hiyo mhudumu asipouliza, mwambie mwenyewe: "Nyumbani kuku wamekufa." Dawa ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku mbili za kwanza za kuugua.