Ufagio Uliowekewa Masharti na Sheria

Wateja wakishaondoka kwenye ukumbi wa shabaha wa ndani, hubaki kazi ambayo hakuna anayeigombea. Maganda ya shaba yametapakaa sakafuni, na chini yake kuna vumbi la kijivu, laini kama unga wa muhogo, lililoganda hata kwenye pembe za vibanda vya kufyatulia. Nchini Marekani mfanyakazi anayekabidhiwa ufagio ili alizoe ana haki ya kuuliza kwanza: mashine ya kufyonza vumbi iko wapi? Kanuni ya serikali kuu kuhusu ledi, iliyotolewa mwaka 1978, inaruhusu kufagia, kwa ufagio mkavu au uliolowa, pale tu ambapo mashine hiyo au njia nyingine ya nguvu sawa imejaribiwa ikashindwa. Bosi kuona mashine ni ghali si sababu.

Swali hilo linawagusa Waswahili wengi kuliko mtu angedhani. Wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo huko Marekani wanaokula jasho la ulinzi, na anayetaka kupanda kutoka ulinzi wa mikono mitupu hadi ulinzi wa kubeba bastola hupitia kwenye ukumbi wa shabaha kupata cheti chake. Baadhi huishia kuajiriwa humo humo kama wasafishaji, wauzaji wa kaunta au wakufunzi.

Ledi ndiyo yale madini ya risasi ambayo Mombasa inayajua kwa uchungu. Mtaani Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikawapokonya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawarudishia. Kule sumu ilitoka kiwandani. Kwenye ukumbi wa shabaha inatoka mtutuni.

Kitakoni mwa kila risasi kuna kiwashio kidogo, na viwashio vingi bado vinatengenezwa kwa mchanganyiko wenye ledi. Kikipigwa kinalipuka, kisha joto la baruti linayeyusha sehemu ya kichwa cha risasi, ambacho nacho kwa kawaida ni ledi. Moshi unafuka urefu wa mkono tu kutoka puani mwa mfyatuaji. Risasi yenyewe inakwenda kugonga ukuta wa kuikingia, inasagika, na kuongeza vumbi jingine. Wa kwanza kuathirika si lazima awe yule anayefyatua sana. Anayesafisha nyuma ya ukuta ule anaweza kuvuta zaidi ya mteja yeyote.

Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri hewa isukumwe kutoka nyuma ya wafyatuaji kuelekea mbele kwa mwendo wa futi 75 kwa dakika, isishuke chini ya 50, na iende moja kwa moja bila kuzunguka na kurudi. Kwa hiyo moshi ukimrudia mtu usoni, mfumo wa hewa una kasoro. Huo ni ushauri wa wataalamu. Sheria yenyewe inatazama hewa anayoivuta mfanyakazi: isizidi maikrogramu 50 za ledi kwa mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa nane. Ikifika 30, mwajiri tayari ana wajibu wa kuchukua hatua kadhaa, ikiwemo kuwapa wafanyakazi mafunzo kila mwaka.

Haki ya kwanza, na inayosahaulika kuliko zote, ni ya kuona karatasi. Pale ambapo ledi inaweza kuwa hewani, mwajiri anatakiwa kupima. Mfanyakazi anaruhusiwa kushuhudia upimaji huo, na matokeo yanapopokelewa anapaswa kujulishwa ndani ya siku 15 za kazi, kwa maandishi au kwa matokeo kubandikwa mahali anapoweza kuyaona. Rekodi za vipimo vya hewa na za afya hazitupwi: zinahifadhiwa kwa miaka 40, au kwa muda wote wa ajira pamoja na miaka 20 zaidi, kutegemea upi ni mrefu. Hata aliyekwisha kuacha kazi anaweza kurudi kuziomba. Na tangu mwanzo, malalamiko ya dalili ni sehemu ya mambo ambayo mwajiri hapaswi kuyapuuza anapoamua kama kuna hatari, kwa hiyo anayeumwa kichwa, anayesokotwa na tumbo au anayesahau sahau afanye vizuri kuyaandika, atie tarehe, abaki na nakala. Neno la mdomoni koridoni halina ushahidi.

Kisha damu. Anayefanya kazi penye hewa ya juu ya kiwango cha 30 kwa zaidi ya siku 30 kwa mwaka ana haki ya kupimwa damu bila kulipa senti, angalau kila baada ya miezi sita. Ikifika maikrogramu 40 kwa desilita, vipimo vinakuwa vya kila miezi miwili. Ikigonga 60, na kipimo cha pili kikathibitisha, anaondolewa kwenye ledi. Vivyo hivyo wastani wa vipimo vyake ukifika 50. Harudishwi mpaka vipimo viwili mfululizo viwe chini ya 40.

Hapa ndipo wengi huogopa kupimwa, wakidhani kuondolewa maana yake ni kufukuzwa. Sivyo. Kwa muda wa hadi miezi 18 mwajiri analazimika kumlinda mfanyakazi huyo mshahara wake, cheo chake na haki zake nyingine kana kwamba bado yuko pale pale. Anaweza kuhamishiwa kazi nyingine isiyo na ledi au akakaa nyumbani, lakini kipato hakiguswi. Vilevile hapaswi kulazimishwa kumeza dawa za kutoa ledi mwilini ili vipimo vionekane vizuri. Kuzitumia kama kinga kumepigwa marufuku waziwazi. Akiwa na shaka na daktari aliyechaguliwa na kampuni, anaweza kudai wa pili, tena kwa gharama ya kampuni, mradi aanze hatua hiyo ndani ya siku 15.

Kasoro kubwa ya kanuni hii ni umri wake. Namba za 1978 ni za elimu ya 1978. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia hali ya wanaofanya kazi kwenye viwanja vya shabaha vya jeshi, likahitimisha kwamba kiwango cha kanuni hakitoshi kuwalinda. Leo damu ya mtu mzima ikifika 3.5 tu, wataalamu wa afya ya umma huihesabu kuwa imepanda. Pengo kati ya 3.5 na 60 ni la kutisha, na mwajiri anaweza kuwa ndani ya sheria huku mfanyakazi wake akiugua. California imechoka kusubiri: tangu Januari 1, 2025 kikomo chake cha hewa ni 10, wajibu wa hatua unaanzia 2, na kipimo cha damu cha 30 kinamtoa mtu kazini. Kwa hiyo haki za mlinzi wa Los Angeles si zile za mwenzake wa Dallas, ingawa mapafu ni yale yale.

Hewa ikizidi kikomo, mwajiri hutoa na kufua ovaroli, huweka chumba cha kubadilishia nguo, bafu, na mahali safi pa kulia. Kula, kuvuta sigara na hata kupaka vipodozi kwenye eneo hilo lenye hewa chafu ni mwiko. Kupuliza vumbi kwenye nguo kwa hewa ya kompresa, jambo ambalo vijana hulifanya kwa haraka ya kurudi nyumbani, nako kumekatazwa. Sababu iko nyumbani kwenyewe: vumbi la viatu na mashati huingia ndani ya gari, likafika kwenye zulia, kisha mikononi mwa mtoto anayetambaa. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote cha ledi kilicho salama. Busara ni viatu vya kazini kubaki kazini, mikono na uso kuoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa usukani, na nguo kufuliwa peke yake.

Ledi huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mfanyakazi, mwanamke au mwanamume, anayetaka ushauri wa daktari kuhusu uzazi anaweza kuuomba chini ya kanuni hii pale hewa inapofika kiwango cha 30 kwa zaidi ya siku 30 kwa mwaka, na mwajiri ndiye anayelipa. Kinachokatazwa ni bosi kumfungia mwanamke mlango kwa kisingizio kwamba anaweza kushika mimba. Hilo liliamuliwa mwaka 1991 na Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya chama cha wafanyakazi UAW dhidi ya Johnson Controls, kampuni iliyokuwa ikitengeneza betri.

Wapo ambao mwavuli huu hauwafikii, na ni vyema wajue mapema. Mteja hayumo. Sheria ya usalama kazini inamlinda mfanyakazi. Anayelipa kiingilio kila Jumamosi hana kipimo cha bure wala siku 15 za kudai. Takwimu za kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, zinaonyesha uzito wa jambo hili. Kati ya 2002 na 2012, watu 2,056 waliokuwa kwenye kazi za polisi na za burudani, kumbi za shabaha zikiwemo, waliripotiwa kuwa na ledi ya juu damuni. Wengine 2,673 waliipata nje ya kazi, kwa uwezekano mkubwa kutokana na kulenga shabaha. Mteja wa aina hiyo hubaki na kesi ya kawaida ya uzembe, na hapo ile fomu aliyoisaini mlangoni bila kuisoma inaweza kutolewa kama ngao dhidi yake. Mahakama za majimbo haziitazami kwa jicho moja, hivyo wakili wa jimbo husika ndiye wa kuulizwa.

Mkufunzi anayeitwa mkandarasi huru naye yuko kwenye mashaka, ingawa jina kwenye mkataba si neno la mwisho. Ikiwa ukumbi unampangia saa, bei na namna ya kufanya kazi, anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa. Polisi wa miji na kaunti hawamo chini ya OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama na afya kazini. Hulindwa pale jimbo lenyewe linapokuwa na mpango ulioidhinishwa, kama California na Washington. Texas haina.

Malalamiko hupelekwa OSHA kwa simu 1-800-321-6742, kwa barua au mtandaoni, na kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo. Jina la mlalamikaji linafichwa akiomba. Malalamiko yenye saini huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuleta wakaguzi mlangoni. Asiye na karatasi za uhamiaji analindwa na sheria hii sawa na raia. Fidia ya ugonjwa wa kazini ni njia nyingine, inaendeshwa na kila jimbo kwa masharti na muda wake.

Anayefukuzwa, kupunguziwa saa au kushushwa cheo kwa sababu amelalamika ana siku 30 tu za kupeleka shauri hilo OSHA, zikihesabiwa tangu siku alipoadhibiwa. Asisubiri mazungumzo na meneja yaishe ndipo apige simu.