Kuunda Eropleni Nyumbani: Jibu kwa Babu

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Msimbati, nimeketi na babu kivulini tukishona nyavu. Eropleni ikapita juu kuelekea Mtwara, naye akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo nayo mtu hawezi kuiunda uani kwake kama mashua?" Babu alikuwa fundi wa mitambo mpaka alipostaafu, na tangu hapo ameunda mashua mbili, kwa hiyo swali lake halikuwa la mzaha. Nilimwahidi jibu. Ndilo hili, na huenda likawafaa na wasomaji wengine.

Naam, anaweza. Huko Marekani sheria humruhusu mtu kujiundia ndege yake, maadamu sehemu kubwa ya kazi imefanywa na mikono yake mwenyewe. Wastaafu wengi huifanya kazi hiyo, kwa kuwa ndio wenye nafasi. Kiwanda humletea makasha yenye mabamba ya aluminiamu yaliyokwisha katwa na kutobolewa, maelfu ya ribiti, na kitabu cha maelezo. Kwa kawaida huanza na mkia, kwani ni mdogo na makosa yake si ghali kusahihishwa. Kisha mabawa, kisha kiwiliwili. Ndani ya bawa mna mbavu, mfano wa mataruma ya mashua, na boriti moja ndefu inayozibeba, ambayo kazi yake ni kama ya mkuku. Kazi yote yaweza kuchukua saa 1,500. Mzee anayefanya kazi saa tatu kila siku atamaliza baada ya siku 500, kama hakuugua wala hakualikwa harusini.

Mwaka 2019 vijana wapatao 20 wa Afrika Kusini waliunga ndege ya namna hii, Sling 4 ya watu wanne, kwa muda wa wiki tatu hivi. Injini na vyombo vya umeme walisaidiwa na mafundi. Kisha wakairusha toka Cape Town mpaka Kairo, wakapitia Zanzibar njiani. Mmoja wa marubani, Megan Werner, alikuwa na miaka 17, sawa na mimi.

Kwetu pwani yuko adui mmoja zaidi, nayo ni chumvi. Waliosoma kemia watakumbuka kwamba aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi huwa kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo hapana budi kila kipande kipakwe rangi ya kukinga kabla ya kuungwa, maana baada ya hapo brashi haifiki.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni mizani. Babu analijua kwa uchungu. Mashua yake ya pili aliifunga injini tezi, na madumu ya petroli akayaweka huko huko. Siku moja mjomba alipopakia na samaki tezi, wimbi likaingia kwa nyuma. Alirudi pwani akiogelea, ameshika dumu tupu. Mashua hukupa nafasi ya kuogelea. Eropleni haikupi.

Basi ndege ikiisha hupimwa, kila gurudumu juu ya mizani yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Gurudumu la mbele liko mita 0.5 kutoka puani, nalo limebeba kilo 80. Mawili ya nyuma yako mita 2.0, kila moja kilo 160. Momenti ni 40 na 640, jumla 680. Gawanya kwa kilo 400, utapata 1.7: hapo ndipo uzito wote unapokutana. Wakiingia watu wawili, kilo 160 kwenye mita 2.1, jumla huwa 1,016 kwa kilo 560, yaani 1.81. Tuseme kitabu kinakataza kupita 1.85. Sasa tia nyuma mzigo wa kilo 20 tu, kwenye mita 3.2. Jumla ni 1,080 kwa kilo 580, nayo ni 1.86. Umepita! Uzito ukizidi kwenda nyuma, pua hupanda na mkia huweza kushindwa kuishusha. Mabawa hupoteza nguvu ya kuinua, na ndege huanguka.

Yako mengine mawili, nami sikumficha. Makasha hayo pamoja na injini ni makumi ya maelfu ya dola, na kiinua mgongo cha babu kimekwisha ingia katika mashua na karo zetu. Tena eropleni hairuki nchini bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Nilimsomea haya yote kwa simu Jumapili iliyopita. Alinyamaza kitambo, akaniambia nirudie hesabu ya mzigo polepole, kwani ameshika kalamu. Nikamuuliza ataipeleka wapi, na fedha za eropleni hazipo. Akasema nimpe kwanza urefu wa mashua kutoka omo hadi tezi, niliouandika katika daftari langu likizo ile, maana mjomba anataka kurudi baharini Ijumaa.