HOKI: KUFUNGA BAO BEKI AKIWA KARIBU

Vijana wengi wanaojifunza hoki katika viwanja vya Thika, penye mto Chania, na vya Ruiru, hupiga mpira vizuri wakiwa peke yao. Lakini siku ya mashindano, beki akiwakaribia, mpira huwapotea. Sababu si uvivu, bali ni kwamba walizoea kupiga bila kusumbuliwa.

Kwa kawaida, bao halihesabiwi ila mshambuliaji ameugusa mpira ndani ya nusu-duara iliyo mbele ya goli, ambayo mstari wake uko meta 14.63 kutoka golini. Tena sheria inamkataza mchezaji kuukinga mpira kwa mwili wake ili mpinzani asiufikie. Basi akiisha kuingia humo hana budi kuusogeza mpira au kupiga upesi.

Mazoezi haya matatu yafaa:

Kwanza, mchezaji aupokee mpira mbele ya mguu wa kulia na kuupiga pasipo kuinua gongo juu. Mikono iachane kidogo. Pigo fupi lina nguvu chache, lakini beki hapati nafasi ya kulizuia.

Pili, beki asimame hatua tatu nyuma ya mshambuliaji. Mwalimu autupe mpira mbele, na wote wawili waukimbilie.

Tatu, beki atokee mbele. Mshambuliaji auvute mpira upande mmoja, kisha apige kabla beki hajageuka.

Kila mmoja apige mara 10, na yahesabiwe mabao peke yake. Mpira upite chini, pembeni mwa goli, maana mlinda lango huziba katikati. Mwenzake naye afuate mbio, kwani mpira unaorudishwa ni nafasi ya pili.

Mpira wa hoki ni mgumu, nao huumiza. Miguu na meno yakingwe. Asiyevaa mavazi ya mlinda lango asisimamishwe golini. Heri kuweka makopo mawili pembeni na kuyalenga.

Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza huko Barcelona, Kenya ilikuwa ya nne. Miongoni mwa wachezaji wake mashuhuri alikuwa Avtar Singh Sohal, aliyecheza katika Olimpiki nne, tangu 1960 hadi 1972. Sifa ya namna hiyo haipatikani kwa siku moja. Huanza katika kiwanja cha shule, kwa kurudia pigo lile lile huku mpinzani yu karibu.