Mafunzo Niliyopata kwa Mtoto Anayeuliza

Tunakaa Kigamboni: mimi, mume wangu, mama mkwe, binti yetu wa miaka sita na mdogo wake wa kiume ambaye bado ananyonya. Binti ndiye muulizaji. Anauliza nikimsuka, anauliza kwenye bajaji, anauliza nikikuna nazi. Haya ndiyo niliyojifunza kwake.

1. "Ukikua utajua" silisemi tena

Tulikuwa Magogoni tukisubiri pantoni kurudi nyumbani. Akaniuliza kwa nini juzi tulishuka hatua chache tu tukafika, na leo watu wanapanda kama mlima, mikokoteni inasukumwa na vijana watatu watatu. Alikuwa ameona jambo la kweli. Maji yakijaa, mteremko wa zege unafunikwa, na pantoni inatia mlango karibu na barabara. Yakipwa, inatia huko chini kabisa, na abiria ana safari ya kupanda.

"Sasa bahari imeenda wapi?"

Soko la samaki la Feri liko pale pale, nikampeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Tulimwamkia, akaweka sindano chini, akamjibu mtoto kwa heshima kama anavyomjibu mtu mzima. Bahari inafuata mwezi, alisema. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua. Katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali. Na siku za bamvua huku kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, ndiyo maana saa hizo unawaona akina mama wako mbali ufukweni wakiokota kombe.

Nyumbani nikamwongezea niliyokuwa nayo mimi: kwamba mwezi, ingawa uko umbali wa kilometa 384,000 hivi, unayavuta maji ya bahari, na kwamba yanajaa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa dakika 50 hivi. Tangu hapo, tukiwa na safari ya mjini, anatoka uani jioni kuuangalia mwezi, kisha anamtangazia bibi yake kama kesho tutapanda mlima. Mara nyingi anapatia.

2. Swali likiahirishwa, lirudiwe

Maswali hayachagui wakati. Mafuta yakiwa motoni namwambia aliweke, tutalitoa tukikaa kula. Lakini nikishasema hivyo, lazima nilitoe mimi, kabla hajanikumbusha. Mtoto anajua upesi sana ahadi ya kumnyamazisha ikoje.

3. Mama mkwe ana sababu, nesi ana sababu: wakutane

Joto la Februari Dar es Salaam mnalijua. Mtoto alikuwa na miezi miwili, jasho linamtiririka, na mama mkwe akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mpe hata kijiko cha maji, huyu ana kiu." Hakuwa na nia nyingine ila huruma, na wanawe aliwalea hivyo wakakua. Binti akadakia: "Kwani Bibi, maziwa si maji?"

Badala ya kubishana, siku ya kliniki nilimwomba mama mkwe tufuatane. Baada ya mtoto kupimwa uzito, nesi alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akamweleza. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, zaidi ya asilimia 85. Joto likizidi, mtoto ananyonya mara nyingi zaidi, anapata maji yake humo humo. Ukimpa maji pembeni, tumbo lake dogo linajaa kitu kisichomlisha, na maji yasiyo salama yanamletea kuhara. Maziwa peke yake mpaka atimize miezi sita. Mama mkwe akauliza habari ya uji, akajibiwa, akauliza tena habari ya mama anayerudi kazini mapema, akafundishwa kukamua na kuhifadhi maziwa.

Leo ndiye anayewaeleza wazazi wapya wa mtaani kwetu, nao wanamsikiliza kuliko ambavyo wangenisikiliza mimi. Naye alinikanda kila asubuhi mpaka arobaini ilipotimia, akanipikia uji wa pilipili manga, jambo ambalo hakuna kliniki ingelifanya. Nawahitaji wote wawili, na wakiongea wao kwa wao mimi nalala vizuri.

4. Mwenye hofu ashikwe kidole mpaka aguse

Mdogo wake alikuwa amelala baada ya kuoga, na binti akaona utosi unadundadunda. "Mama, kichwa kinapumua!" Alikuwa karibu kulia. Nikakishika kidole chake, tukakiweka utosini taratibu, na kidole kingine kifundoni mwa mkono wake mwenyewe, akasikia mapigo pale na pale. Nikamweleza kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, ili kichwa kipite wakati wa kuzaliwa na ubongo upate nafasi ya kukua, na kwamba pale mbele hufunga kufikia mwaka mmoja na nusu hivi. Hofu ikaisha. Sasa wageni wakimbeba mtoto, yeye ndiye anayewaambia wapi pasibonyezwe.

5. Mengine aulizwe baba

Pantoni ni chuma, mbona haizami? Hilo nilimpelekea mume wangu, fundi wa injini za boti. Walitia sufuria tupu kwenye beseni, ikaelea. Wakaijaza maji, ikazama. Walirudia mpaka sakafu yote ikalowa, na sikuwakataza.

6. Mila na maelezo vinakaa nyumba moja

Jino la kwanza lilipong'oka, mama mkwe alimwambia alirushe juu ya bati aombe jipya. Akaja kwangu na jino kiganjani: mbona halina mzizi? Kwa sababu jipya lilikuwa tayari chini yake, nikamwambia, na likipanda, mzizi wa la zamani huyeyuka kidogo kidogo. Meno ya utotoni ni 20, yote yatafuata njia hiyo. Akasikiliza, akatoka, akalirusha juu ya bati na kuomba kama alivyofundishwa. Sasa la pili limelegea, na kila asubuhi analitikisa kwa ulimi na kunipa habari za lile la chini.