Mjengee Bundi Nyumba, Naye Akulindie Mahindi

Mkulima, mwezi huu twataka kuzungumza nawe habari za adui mmoja na rafiki mmoja. Adui wamjua: ni panya. Hufukua mbegu kabla hazijaota, hupanda bua mahindi yakikomaa, kisha hukufuata mpaka ghalani. Rafiki naye wamjua, lakini labda umekuwa ukimfukuza kwa mawe. Rafiki huyo ni bundi.

Twayajua yasemwayo juu ya bundi. Wengi wetu tulifundishwa tangu utoto kwamba akilia juu ya paa, mtu wa nyumba ile atakufa. Hatuwadharau wazee wetu. Lakini hebu fikiri. Bundi huenda palipo panya, na panya huenda palipo chakula cha watu. Basi hapana budi bundi aonekane karibu na nyumba nyingi, na katika nyumba nyingi kuna siku mtu huugua. Ndege hakuuleta ugonjwa. Yeye aliletwa na panya wako.

BUNDI YUPI?

Bundi ni wa namna nyingi. Tumtakaye ni yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, kifua cheupe chenye madoa madogo, na mgongo wa rangi ya dhahabu na kijivu. Hana vishungi kichwani. Sauti yake ni kama kelele ya kukwaruza. Yeye hajengi kiota. Hutaga katika pango la mti, darini, au katika jengo lililoachwa. Miti mikubwa ikikatwa hukosa mahali pa kulelea, na hapo ndipo sanduku lako linapomfaa.

Usiku huwinda kwa masikio zaidi ya macho, hata husikia panya akitembea chini ya majani. Mmoja aliyekomaa aweza kula panya wadogo 3 au 4 kwa usiku, na akiwa na makinda huwinda wengi zaidi. Huko Malaysia wakulima wa michikichi huweka masanduku ya bundi mashambani, na Israel walianza kazi hiyo miaka ya 1980.

KUTENGENEZA SANDUKU

Tumia mbao kavu za inchi 1, saiprasi yafaa. Fuata hatua hizi:

1. Sanduku liwe na urefu wa futi 2, upana wa futi 1½, na kimo cha futi 2.

2. Toboa mlango wa inchi 6 kwa inchi 6. Ukingo wake wa chini uwe inchi 15 juu ya sakafu. Usiuweke chini zaidi, maana makinda wadogo watatoka na kuanguka.

3. Toboa matundu madogo sakafuni ili maji yatoke, na mengine juu pembeni ili hewa ipite.

4. Paa liwe la mbao, liiname kidogo na kutokeza mbele ya mlango. Juu yake pigilia bati. Bati peke yake bila mbao litawachoma makinda wakati wa jua.

5. Nyuma weka kidirisha chenye bawaba na komeo, cha kusafishia.

6. Nje paka rangi nyeupe ili jua lisiingie sana. Ndani usipake rangi wala dawa yo yote.

7. Tandika maranda kavu ya inchi 2 sakafuni, ili mayai yasiviringike.

KULISIMAMISHA

Litundike juu ya nguzo imara, au kwenye mti mkubwa, futi 12 hadi 15 kutoka ardhini. Nguzo ichimbiwe futi 3. Zungushia nguzo bati laini lenye upana wa futi 3, ili kanu na paka wasipande. Mlango uelekee shamba lililo wazi, na usielekee upande utokako mvua wala jua la alasiri. Kaa mbali na barabara kuu, kwa sababu bundi huruka chini usiku na hugongwa na magari.

Katika shamba simika miti michache ya futi 8 yenye kijiti cha kukingama juu. Bundi atatua hapo akisikiliza windo lake.

Kisha uwe na subira. Usimkamate bundi ukamtia sandukuni. Atakuja mwenyewe, labda baada ya miezi mingi. Nyuki wakitangulia, mwite mtu anayejua kazi ya nyuki awahamishe. Bundi akisha kuingia, usimchungulie. Mayai huatamiwa kwa siku 30 hivi, na makinda hukaa sandukuni kama miezi miwili. Safisha mara moja kwa mwaka, wakati hakuna mayai wala makinda, nawe ujifunge kitambaa puani na mdomoni.

SUMU NA JIRANI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya aliyeila huzunguka siku kadhaa akiwa amelegea, na bundi humkamata kwa urahisi. Akimla, naye hufa, na makinda yake hufa njaa. Huwezi kutumia sumu na bundi pamoja. Tumia mitego.

Tena bundi haujui mpaka wa shamba lako. Atawinda kwako na kwa majirani wote. Jirani mmoja akiweka sumu, au mtoto mmoja akirusha jiwe, kazi yenu yote imepotea. Kwa hiyo, kabla hujanunua msumari hata mmoja, keti na majirani zako wa skimu mkubaliane. Wazee nao waulizwe, wasije wakastuka kumwona ndege usiku.

Ikiwa yuko asiyesadiki, msibishane naye. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika madonge meusi ya manyoya na mifupa. Okoteni madonge chini ya nguzo, myaloweshe katika maji, myapasue. Hesabuni mafuvu. Watoto wa shule hupenda kazi hii, na mwenye shaka atajionea mwenyewe ni nani aliyekuwa akila mahindi yake, na ni nani aliyemla mwizi.

BUNDI HATOSHI PEKE YAKE

Tusikudanganye: bundi hawezi kuwamaliza panya wote. Panya wa mashambani huzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja, na baada ya mvua huongezeka upesi. Fyeka vichaka kando ya shamba. Vuna kwa wakati. Inua ghala juu ya miguu ya futi 3, na kila mguu uvike kofia ya bati. Ghala ni lako kulilinda. Shamba la usiku mwachie bundi.

Na usiku ukimsikia akilia, usitafute jiwe. Geuka upande wa pili ulale. Mlinzi wako yuko kazini, wala hataki mshahara.