Shauri la Mkulima Mbele ya Watunga Sheria



Mwezi huu twataka kujifunza neno ambalo wengi wetu hudhani si neno la kanisa, nalo ni kwenda kwa watunga sheria kuwasemea watu wa jembe. Tumelichagua kwa ajili ya jambo lililotupata katika usharika mmoja upande wa Bunda, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Serengeti. Mjane mmoja, mwenye watoto wanne, alilima ekari mbili za mahindi katika shamba aliloachiwa na mumewe. Mahindi yalipoanza kukomaa tembo waliingia usiku, na kulipokucha hapakuwa na kitu ila mabua yaliyolala chini. Alikuja kwetu akalia. Tuliomba pamoja naye, tukampa debe la mahindi katika sadaka ya mavuno, kisha tukaketi kumwandikia barua ya kudai haki yake, na ya kuomba kwamba malipo ya shamba lililoliwa yaongezwe.

Barua ile ilikuwa nzuri, yenye heshima zote, nasi tuliichukua kwa mkono wetu wenyewe. Ikakaa miezi saba. Hata tulipokwenda kuuliza, karani alitujibu kwa upole kwamba ofisi ile haina mamlaka ya kuongeza hata shilingi moja. Tulikuwa tumebisha katika mlango usio wenyewe. Tulirudi kwa baiskeli tukiona haya, maana seminari ilitufundisha Kiyunani na jinsi ya kugawanya hotuba, lakini hatukuwa tumejifunza kanuni iliyomlipa mjane yule inatungwa wapi na nani.

Basi tulifungua tena kitabu cha Hesabu, mlango wa 27. Hapo twasoma habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila mwana wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule jina lake na milki yake vingepotea. Tazameni walivyofanya. Hawakunung'unika kisimani. Walikwenda wote pamoja, wakasimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu, na mkutano wote, yaani mahali pale penye mamlaka ya kuamua. Walieleza shauri lao kwa maneno machache. Tena waliondoa shaka mapema, wakisema kwamba baba yao hakuwa pamoja na waasi wa Kora. Kisha wakaomba kitu kimoja kilicho wazi: wapewe milki kati ya ndugu za baba yao.

Musa hakuwa na jibu. Alilipeleka neno lile kwa Mungu. Na jibu lililotoka halikuwa zawadi ya watu watano tu. Lilikuwa amri kwa Israeli yote, kwamba mtu akifa bila mwana, urithi wake upewe binti yake. Hapa ndipo tulipopaona kosa letu na mjane wa Bunda. Sisi tulimpa debe, nalo lilikuwa jema, lakini debe huisha kwa majuma mawili. Kanuni ikirekebishwa, humfaa yeye, na jirani yake, na mtu wa Serengeti na wa Tarime tusiyemjua. Wala msisahau mlango wa 36, ambapo wakuu wa jamaa walikuja na shaka nyingine juu ya amri ile ile, nayo ikaongezwa neno. Hata sheria njema yahitaji kupaliliwa.

Sasa tuitazame kanuni yenyewe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ilitungwa na Bunge mwaka 2009. Chini ya sheria hiyo, mwaka 2011, zilitolewa kanuni za malipo kwa watu walioharibiwa mazao au kuumizwa na wanyama wakali. Watu wameyaita kifuta jasho na kifuta machozi, na jina hilo lasema kweli: si fidia, ni kitambaa tu. Kwa kanuni zile za 2011 malipo yalihesabiwa kwa umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi. Shamba lililo ndani ya mita 500 halikupewa kitu. Kutoka mita 500 hata kilometa 1, mkulima alipewa shilingi 25,000 kwa ekari. Kutoka kilometa 1 hata 4, shilingi 50,000. Kutoka 4 hata 5, shilingi 75,000. Na kupita kilometa 5, shilingi 100,000. Wala hazikuhesabiwa ekari zaidi ya 5, hata kama tembo walikula 8.

Shamba la mjane wetu li karibu na mita 800 kutoka mpakani. Kwa ekari zake mbili, basi, hesabu ilikuwa shilingi 50,000. Wapimeni wenyewe: mwishoni mwa mwaka 2022 gunia la mahindi la kilo 100 lilipita shilingi 100,000 katika masoko mengi ya nchi. Maana yake hata mtu aliyepewa kiwango cha juu kabisa, kwa ekari nzima iliyoliwa, hakuweza kununua gunia moja. Na aliye karibu na tembo, anayekesha usiku akipiga madebe, ndiye aliyepewa kidogo kuliko wote. Twadhani waliotunga walitaka kuwazuia watu wasilime mpakani, nalo ni wazo lenye maana kwa mtu anayekuja leo na panga lake kufyeka. Lakini mtu aliyezikwa babu yake pale atahamia wapi?

Wabunge wa Mara wamesimama Bungeni mara nyingi kulisema jambo la tembo, nasi twawashukuru. Lakini mkulima ajue kwamba viwango vile havikuandikwa katika Sheria yenyewe. Viliandikwa katika kanuni, na kanuni hutolewa na Waziri wa Maliasili, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayozichunguza kanuni za namna hii. Kwa hiyo anayetaka viwango viongezwe apeleke hoja yake kwa Waziri, na kwa mbunge wake amsukume Waziri, na kwa kamati ile. Kwa diwani ataomba neno jingine: kwamba afisa wanyamapori wa wilaya afike upesi kukagua, kabla nyayo hazijafutwa na mvua. Tena kila mwaka na waulize kiwango kilichopo ni kipi, maana kanuni hubadilishwa na habari huchelewa kufika vijijini.

Mambo mengine yana milango yake. Ushuru wa mazao ni mfano mwema, kwa kuwa wakulima walilia juu yake miaka mingi. Halmashauri zilitoza hata asilimia 5 ya bei, na mtu aliyechukua magunia machache ya mtama kutoka wilaya moja kwenda nyingine alisimamishwa kizuizini akatozwa. Madiwani hawakuweza kuuondoa peke yao, kwa kuwa uliwekwa na sheria ya fedha za serikali za mitaa. Mwaka 2017 Bunge liliushusha ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiofika tani moja ukaachiliwa kupita wilaya hadi wilaya bila ushuru. Mkulima wa pamba wa Bunda na mama wa mihogo wa Butiama wote wawili waliguswa na maneno machache ya sheria yaliyoandikwa Dodoma. Lakini tumewaona wengine wakiendelea kutozwa katika mzigo wa gunia tatu kwa sababu hawakujua kwamba sheria imebadilika!

Na hao wa mihogo, yaani mama zetu na dada zetu, wana sheria nyingine iliyo karibu sana na habari za binti za Selofehadi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba desturi yo yote inayomnyima mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi haina nguvu. Wazee wengine wa makanisa yetu hawapendi tulitaje neno hili. Tumelitaja.

Twawasikia wengine wakisema, Mchungaji, hiyo ni siasa. Twajibu kwamba kanisa halina chama, wala mimbari si mahali pa kumpigia mtu kampeni; mchungaji afanyaye hivyo amelikosea kundi lake, ambamo wamo watu wa vyama vyote. Lakini mtoto wa kipaimara aliyejifunza Katekisimo Ndogo ajua kwamba Luther, alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, alihesabu ndani yake shamba na mifugo na pia serikali njema. Tukiomba mkate kila Jumapili, twaiombea na sheria inayolilinda shamba. Ni ajabu kuomba neno mbele za Mungu na kuogopa kulitaja mbele ya mbunge, ambaye sisi wenyewe tulimpigia kura.

Nao waliotutangulia hawakuogopa. Mwezi wa Novemba 1951 Serikali ya Waingereza iliwatoa kwa nguvu Wameru wapata 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili nchi ile wapewe walowezi wenye kufuga ng'ombe. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mpaka New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka ule kura hazikutosha kuwarudishia ardhi yao. Lakini Tanganyika nzima ilijifunza kwamba shauri la mkulima laweza kuvuka bahari. Sisi safari yetu ni ya Dodoma tu, na mara nyingi si zaidi ya ofisi ya kata.

Jambo la wakati ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili matumizi yake kuanzia Aprili hata Juni. Mtu akileta ombi lake mwezi wa Juni, amekuja shambani wakati wa kuvuna akiwa na mbegu mkononi. Mipango ya wilaya huanza kukusanywa miezi mingi kabla, kutoka vijijini kwenda kata na halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji wapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na hapo mtu wa miaka 18 na zaidi ana sauti. Walakini tumehudhuria mikutano ambamo watu walingoja tangazo la chakula cha msaada, wakaondoka. Na fedha huongezeka mahali zinapotakwa: Wizara ya Kilimo ilitengewa shilingi bilioni 294 katika mwaka 2021/22, na mwaka uliofuata bilioni 954. Ni kiasi gani cha fedha hizo kilifika Butiama, huulizwa na nani, kama si sisi?

Tena msiende na machozi matupu. Tuliporudi mara ya pili kwa ajili ya mjane wetu, wazee wa usharika walichukua daftari la shule, wakazunguka kaya kwa kaya, wakaandika: jina, ekari zilizopandwa, ekari zilizoliwa, tarehe ya usiku ule, umbali na mpaka, siku afisa alipoitwa na siku aliyofika, fedha iliyotolewa na tarehe yake. Kwaya ya vijana ilipiga picha kwa simu zao. Jirani zetu Wakatoliki na Waislamu waliandikwa pia, maana tembo hamwulizi mtu dhehebu lake. Tulipata kaya 41. Daftari lile lilinakiliwa mara tatu, likaenda kwa diwani, kwa mbunge, na kwa Waziri, likiwa na barua ya ukurasa mmoja yenye maombi mawili tu. Kwa mara ya kwanza tulipewa hati ya kupokelewa yenye muhuri. Malipo ya mjane yalikuja baada ya miezi minne mingine, shilingi 50,000 zile zile. Ombi la viwango bado twalifuatilia.

Kwa mkutano wa wazee na wa akina mama mwezi huu twaomba someni Hesabu 27 na 36 pamoja, kisha mwulizane: katika kijiji chetu ni shauri gani la shamba linalotuumiza zaidi, nalo liko katika sheria, au kanuni, au sheria ndogo ya halmashauri, au ni uvivu tu wa mtu ofisini? Ni nani ana daftari? Mkutano mkuu wa kijiji ujao ni tarehe ngapi, na ni watu gani wawili watakaosimama kusema? Majibu yaandikwe, na nakala moja itumwe kwetu Musoma kabla ya mwisho wa mwezi.