Kagua Paa Kabla ya Deyr
Mvua za vuli, yaani deyr, huanza Oktoba, na mafuriko ya Novemba 2023 hatujayasahau. Panda ngazi sasa, asubuhi, kabla mabati hayajapata moto. Anza na misumari. Raba iliyo chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka kwa jua letu, na paa huvuja kabla hata ya kushika kutu. Msumari uliolegea usiupigilie tena. Ung'oe, uweke mrefu zaidi wenye raba mpya. Ukitembea juu, kanyaga penye misumari, maana chini yake kuna mbao.

Wenye aqal, kazeni kamba na mkague miti kama ina mchwa. Turubai lililochanika lishonwe sasa, si usiku wa mvua.

Mfereji wa kupeleka maji tangini nao ufagiliwe mchanga.